Kuvuka, kupenya na handaki: istilahi za kiongozawimbi na fizikia ya kwanta

kiongozawimbi nm vi- [ki-/vi-] bomba au uwazi mrefu wenye kuta zinazorudisha mawimbi ya sumakuumeme na kuyaelekeza yafuate njia moja.

marudio ya kizingiti nm [ya-] idadi ya mawimbi kwa sekunde ambayo chini yake mawimbi hayawezi kusafiri ndani ya kiongozawimbi fulani.

kizuizi cha nishati nm vi- [ki-/vi-] eneo ambalo chembe ingehitaji nishati kubwa kuliko iliyo nayo ili isafiri ndani yake.

upenyaji wa kikwanta nm [u-] tukio la chembe kupatikana upande wa pili wa kizuizi cha nishati ingawa nishati yake haitoshi kukivuka.

Vidahizo hivi vinne huonekana kuwa vya fani mbili zilizo mbali: viwili vya kwanza ni vya uhandisi wa mawasiliano, viwili vya mwisho ni vya fizikia ya atomu. Hata hivyo, hisabati inayoeleza wimbi la redio lililoingia katika bomba jembamba mno ndiyo inayoeleza elektroni iliyokutana na kizuizi. Makala haya yanaeleza mlinganisho huo na kuonyesha jinsi unavyomsaidia mfasiri au mwalimu kuchagua neno sahihi la Kiswahili.

1. Kwa nini neno “handaki” linapotosha

Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa vimeliita tukio la upenyaji kwa jina litokanalo na neno lenye maana ya handaki. Mfasiri anayefuata jina hilo neno kwa neno huandika kwamba elektroni “imepita katika handaki” au “imejichimbia handaki”. Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, lakini zinafundisha fizikia isiyo sahihi.

Neno *handaki* (wingi: *mahandaki*) lina asili ya Kiarabu, *khandaq*, yaani shimo refu lililochimbwa kuzunguka ngome. Katika Kiswahili hutumika kwa shimo la askari vitani, na pia kwa njia iliyochimbwa chini ya ardhi au kutoboa mlima. Wakazi wa Bonde la Kilombero wanaijua maana hii ya mwisho. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi nchini Zambia, hupita Ifakara na Mlimba, kisha huanza kupanda milima kuelekea Makambako. Mahandaki mengi ya reli hiyo yamo katika kipande hicho kati ya Mlimba na Makambako. Kila mojawapo lina historia moja: mwamba ulivunjwa, kifusi kikatolewa, pakabaki uwazi, na treni hupita penye uwazi huo.

Katika upenyaji wa kikwanta hakuna kinachovunjwa wala kutolewa. Kizuizi hubaki vilevile kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake. Chembe haiachi tundu nyuma yake, na chembe inayofuata hairahisishiwi njia na ile iliyotangulia. Neno *handaki* linabeba mambo mawili, uchimbaji na uwazi, na yote mawili hayamo katika jambo linaloelezwa.

Hili si suala dogo la mapambo ya lugha. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi husoma fizikia katika lugha moja na aghalabu humweleza mwenzake katika lugha nyingine. Kama neno analolipata njiani ni *handaki*, na handaki alijualo ni lile la treni, atakuwa na haki ya kuuliza: ni nani aliyechimba, na kifusi kimekwenda wapi? Swali hilo halina jibu kwa sababu neno ndilo lililolizua.

2. Kuvuka na kupenya

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotosheleza haja hii, mradi visichanganywe.

*Kuvuka* ni kwenda upande wa pili kwa kupita juu au kukatiza. Mto Kilombero karibu na Ifakara ulivukwa kwa kivuko kwa miaka mingi kabla ya kujengwa kwa Daraja la Magufuli, na sasa huvukwa kwa daraja hilo. Katika hali zote mbili anayevuka amewezeshwa kukaa juu ya kile kinachomzuia. Basi katika fizikia, kitenzi *vuka* kitumike pale ambapo nishati ya chembe inazidi kimo cha kizuizi.

*Kupenya* ni kupita ndani ya kitu bila kukiondoa. Maji hupenya tuta la jaruba la mpunga bila tuta kubomoka. Mwanga hupenya pazia. Baridi hupenya nguo. Kitenzi hiki kinafaa pale ambapo nishati ya chembe ni ndogo kuliko kimo cha kizuizi na bado chembe hupatikana ng’ambo. Mfano wa maji na tuta una kasoro moja, kwa kuwa maji hupita katika vinyweleo vya udongo, navyo ni matundu halisi ijapokuwa madogo. Mfano usio na kasoro hiyo ni ule wa kiongozawimbi, kama sehemu ya 4 inavyoeleza.

Maneno yatokanayo na *penya* yatofautishwe kwa uangalifu:

– *upenyaji* ni tendo la kupenya. Ndilo linalopendekezwa hapa.
– *upenyo* ni nafasi nyembamba ya kupitia. “Upenyo wa kikwanta” ungerudisha lile tundu tulilotaka kulikwepa.
– *kipenyo* ni mstari unaokata duara kupitia kitovu chake. Ni istilahi ya hisabati iliyokwisha kukubalika, na isipewe maana nyingine.
– *upenyezaji* ni tendo la kukifanya kitu kipenye, kama bidhaa zinavyopenyezwa mpakani. Chembe haipenyezwi na mtu; hupenya.

3. Muundo wa neno “kiongozawimbi”

Kiswahili huunda majina ya vyombo kwa kiambishi *ki-*, kitenzi na nomino: *kipaza sauti*, *kinasa sauti*, *kipima joto*, *kizima moto*. Kwa kufuata kigezo hicho, chombo kinachoongoza wimbi ni *kiongozawimbi*, na wingi wake ni *viongozawimbi*. Umbo *mwongozawimbi* lingeeleweka, lakini kiambishi *m-* katika maneno ya aina hii huashiria mtu atendaye, kama katika *mpiga picha*. *Mwongozo wa mawimbi* nalo halifai, kwa sababu *mwongozo* ni maelekezo au kitabu cha maelekezo, si chombo.

Kuhusu *masafa*, pana mtego. Neno hili humaanisha umbali. Katika lugha ya redio, “masafa mafupi” hutaja urefu wa wimbi, ilhali “masafa ya megahezi 100” hutaja idadi ya mawimbi kwa sekunde. Vipimo hivi viwili huenda kinyume: wimbi likiwa fupi, idadi kwa sekunde huwa kubwa. Katika maandishi ya fizikia ni salama zaidi kutumia *urefu wa wimbi* kwa kipimo cha kwanza na *marudio* kwa kipimo cha pili. Ndivyo ilivyofanywa katika makala haya.

4. Kinachotokea ndani ya kiongozawimbi

Mwaka 1897 Lord Rayleigh alionyesha kwa hisabati kwamba mawimbi ya sumakuumeme yanaweza kusafiri ndani ya bomba la chuma lenye uwazi, lakini si yote. Sababu yake yaweza kuelezwa bila hesabu nyingi. Ukuta wa chuma hulazimisha wimbi liwe sifuri linapougusa. Ili liwe sifuri katika kuta zote mbili na bado liwe na nafasi ya kupanda na kushuka katikati, upana wa bomba sharti utoshee angalau nusu ya wimbi. Bomba la mstatili lenye upana wa mita 5 hupitisha mawimbi yaliyo mafupi kuliko mita 10, na mawimbi marefu zaidi hayasafiri. Mpaka huo ndio marudio ya kizingiti. Katika mfano huu ni megahezi 30.

Abiria wa treni mwenye redio anaweza kuona dalili ya jambo hili. Matangazo ya FM huwa karibu na megahezi 100, na wimbi lake lina urefu wa mita 3 hivi. Matangazo ya AM ya megahezi 1 yana wimbi la mita 300. Tukichukulia kwamba handaki la reli lina upana wa mita 5, wimbi la FM lina nafasi ya kuingia na kusafiri, bali la AM halina. Kuta za mwamba si chuma, nazo hunyonya sehemu ya wimbi, kwa hiyo mpaka katika handaki halisi hauwi mkali kama wa bomba la chuma. Tena, ikiwa waya umelazwa ndani toka mlango mmoja hadi wa pili, mawimbi marefu yanaweza kuufuata waya huo, kwa maana waya na ukuta kwa pamoja huwa kiongozawimbi cha aina nyingine kisicho na kizingiti.

Mfano ulio safi zaidi ni kalavati la chuma lenye umbo la bomba, kama yale yanayowekwa chini ya barabara ili maji ya mvua yapite. Likiwa na kipenyo cha mita 1, mawimbi marefu kuliko mita 1.7 hivi hayasafiri ndani yake. Mawimbi ya simu ya megahezi 900, yenye urefu wa sentimita 33, hupita. Wimbi la FM la mita 3 haliwezi kusafiri.

Hata hivyo, *kutosafiri* si sawa na *kutokuwepo*. Wimbi la FM likifika mdomoni mwa kalavati hilo halikatiki ghafla. Huingia, lakini ndani halina tena mabonde na vilele vinavyosonga mbele, hufifia tu. Kwa kila mita moja, ukubwa wake hubaki takriban sehemu 1 ya 20 ya ulivyokuwa. Kalavati likiwa na urefu wa mita 1, kiasi kidogo hutokea upande wa pili na kuendelea na safari yake kama wimbi la kawaida. Likiwa na urefu wa mita 10, 20 huzidishwa yenyewe mara 10, na kinachotokea hakiwezi kupimika.

Huu ndio upenyaji. Kalavati halikutobolewa, wala halikupanuliwa. Ni jembamba kupita kiasi kwa wimbi lile tangu mwanzo hadi mwisho, na bado wimbi, kwa kiasi fulani, liko ng’ambo.

5. Mlinganisho wenyewe

Katika kiongozawimbi chenye upana *a*, wimbi lenye urefu *λ* hufuata kanuni hii:

k² = (2π/λ)² − (π/a)²

Katika fizikia ya kwanta, chembe yenye tungamo *m* na nishati *E*, ikiwa mahali penye kimo cha kizuizi *V*, hufuata kanuni hii:

k² = 2m(E − V)/ħ²

Herufi *k* ni namba ya wimbi: hueleza jinsi wimbi linavyopanda na kushuka kadiri linavyosonga mbele. Kanuni zote mbili zina umbo la kutoa. Kinachotolewa kikiwa kidogo, k² ni chanya na wimbi husafiri. Kinachotolewa kikiwa kikubwa, k² ni hasi, na badala ya kusafiri wimbi hufifia. Ulinganifu ni huu:

– Wembamba wa kiongozawimbi ni sawa na kimo cha kizuizi.
– Marudio ya wimbi ni sawa na nishati ya chembe.
– Kuwa chini ya marudio ya kizingiti ni sawa na kuwa na nishati ndogo kuliko kizuizi.
– Urefu wa sehemu nyembamba ni sawa na unene wa kizuizi.
– Sehemu ya wimbi inayotokea ng’ambo ni sawa na uwezekano wa chembe kupatikana ng’ambo.

Friedrich Hund aliutambua upenyaji katika molekuli mwaka 1927. Mwaka 1928 George Gamow kwa upande wake, na Ronald Gurney pamoja na Edward Condon kwa upande wao, waliutumia kueleza jinsi kiini cha atomu nzito kinavyotoa chembe ya alfa ambayo nishati yake haitoshi kuvuka kizuizi cha kiini hicho.

Unene wa kizuizi ndio unaoeleza kwa nini jambo hili halionekani katika maisha ya kila siku. Katika hadubini iliyobuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mjini Zurich mwaka 1981, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986, elektroni hupenya nafasi iliyo kati ya ncha ya chuma na kitu kinachochunguzwa. Ncha ikisogezwa mbali kwa sehemu 1 ya milioni 10 ya milimita, mkondo wa umeme hupungua takriban mara 10. Ni hali ileile ya kalavati: urefu ukiongezeka kidogo, kinachotokea hupungua sana.

6. Makosa matatu ambayo mlinganisho huu unayasahihisha

*“Chembe hukopa nishati kisha hurudisha.”* Maelezo haya hupatikana katika vitabu vya kurahisisha sayansi, na yanapofasiriwa huleta picha ya deni na mkopeshaji. Wimbi lililopenya kalavati lina marudio yaleyale liliyoingia nayo. Aliyefungulia redio megahezi 100 upande wa pili atalipata hapohapo kwenye 100. Hakuna kilichokopwa. Vivyo hivyo, chembe hutoka na nishati ileile.

*“Chembe hutoka ikiwa imedhoofika.”* Kinachopungua katika kalavati ni ukubwa wa wimbi, si marudio yake. Kinachopungua katika upenyaji wa kikwanta ni uwezekano, si nishati. Kati ya chembe nyingi zinazofika kwenye kizuizi, chache hupenya, na kila moja kati ya hizo chache iko kamili. Andika *uwezekano hupungua*, usiandike *chembe hupungua nguvu*. Aidha, *nguvu* na *nishati* ni istilahi mbili tofauti katika fizikia, na hapa inayohusika ni *nishati*.

*“Kizuizi hufyonza wimbi.”* Kufyonzwa ni wimbi kugeuka joto ndani ya kitu. Katika bomba la chuma kisichopoteza umeme, wimbi lisiloweza kusafiri halifyonzwi. Sehemu kubwa yake hurudishwa lilikotoka. Basi ndani ya kizuizi wimbi *hufifia*, mdomoni *hurudishwa*, na ng’ambo sehemu yake *hutokea*. Vitenzi hivi vitatu vikishikwa vizuri, maelezo yote hukaa sawa.

7. Mahali mlinganisho unapokoma

Uga wa sumakuumeme ndani ya kalavati ni kitu kinachopimika moja kwa moja kwa antena. Wimbi la chembe halipimiki hivyo. Mraba wa ukubwa wake ndio unaotoa uwezekano wa kuipata chembe mahali fulani. Wimbi la redio hugawanyika, sehemu ikirudi na sehemu ikipita. Elektroni moja ikipimwa haipatikani nusu upande huu na nusu upande ule: ama imerudi, ama imepenya. Kwa hiyo mwalimu aseme kwamba kanuni zinafanana, asiseme kwamba elektroni *ni* wimbi la redio.

Mpaka wa pili unahusu mwendo. Mwaka 1992 Achim Enders na Günter Nimtz wa Chuo Kikuu cha Cologne walichapisha vipimo vya mawimbi ya maikrowevu yaliyopitishwa katika kiongozawimbi chenye sehemu nyembamba katikati, kama mfano wa upenyaji wa kikwanta. Baadaye Nimtz alipitisha simfonia namba 40 ya Mozart kwa njia hiyo, akadai kwamba ilikwenda mara 4.7 ya kasi ya mwanga. Wanafizikia wengi hawakukubali tafsiri hiyo. Kinachoonekana kuwahi ni kilele cha wimbi ambalo umbo lake limebadilishwa na kizuizi. Mwanzo kabisa wa wimbi hauitangulii kasi ya mwanga, na habari haifiki kabla ya wakati wake. Anayefasiri taarifa za aina hii aandike *kilele cha wimbi kilitokea mapema*, asiandike *habari ilisafiri kupita mwanga*.

8. Sentensi za mfano

Epuka: Elektroni ilichimba handaki katika kizuizi.
Sahihi: Elektroni ilipenya kizuizi.

Epuka: Elektroni ilivuka kizuizi ingawa nishati yake haikutosha.
Sahihi: Elektroni ilipenya kizuizi ingawa nishati yake haikutosha kukivuka.

Epuka: Wimbi lilifyonzwa kwa sababu kiongozawimbi ni chembamba.
Sahihi: Wimbi lilififia kwa sababu marudio yake yako chini ya kizingiti cha kiongozawimbi.

Epuka: Mwongozo wa mawimbi ulizuia masafa marefu.
Sahihi: Kiongozawimbi hakikupitisha mawimbi yenye urefu mkubwa kuliko mita 10.

Maneno yaundwayo: *hadubini ya upenyaji*, chombo cha Binnig na Rohrer, *dayodi ya upenyaji*, kifaa cha elektroniki kilichobuniwa na Leo Esaki mwaka 1957, *uwezekano wa kupenya*, sehemu ya chembe zitokeazo ng’ambo ya kizuizi.

Handaki libaki na kazi yake: njia ya reli kati ya Mlimba na Makambako, ambako mwamba uliondolewa kweli.